Hotuba ya Mwenyekiti: Kivuko cha Likoni na Miaka Kumi ya Kikundi Chetu

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Kuna vikundi vingi tulivyoanza navyo ambavyo havipo tena. Kuna na wenzetu wanne tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tunawaombea pumziko jema.

Kamati ilipokaa kupanga sherehe hii, tuliulizana mwenyekiti asimame aseme nini. Wengine wakasema asome hesabu za fedha. Lakini hesabu mweka hazina ataisoma, na isitoshe imebandikwa pale ukutani, kila mwenye macho aione. Ndipo mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akasema, "Semeni habari za feri. Bila feri hakuna kikundi." Tukacheka, halafu tukanyamaza, manake ni kweli.

Sisi si wasomi. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine hawakufika hapo. Kwa hivyo tutasema yale tuliyoyaona, na yale tuliyoambiwa na wazee wetu, basi.

Tuanze na jina. Watoto wetu wanataja Likoni kila siku na hawajui maana yake. Zamani watu walisema "liko", yaani pale pwani chombo kinapofikia na watu wakashuka. Likoni basi ni mahali pa kushukia. Na yale maji yanaitwa Kilindini kwa sababu ni kilindi, maji marefu ya kupita meli kubwa. Upana wake si mwingi, ni kama nusu kilomita tu. Ukisimama huku Likoni unaiona ile mibuyu ya Mama Ngina kule kisiwani, na mtu akivaa kanga nyekundu unamtambua. Lakini kumfikia huwezi bila chombo. Maisha yetu yote yako katika hiyo nusu kilomita. Sisi tunalala huku, kazi iko ng'ambo. Marikiti iko ng'ambo, hospitali kubwa iko ng'ambo, na ukitaka mboga za jumla za Kongowea, huna budi uvuke, ukipite kisiwa chote, urudi tena na gunia lako.

Bibi zetu walivushwa kwa mashua na mitumbwi ya makasia. Walituambia kwamba upepo wa kusi ukivuma, mtu aliyeaga asubuhi aliweza kulala ng'ambo. Huduma ya feri ilianza mwaka 1937, na kwa zaidi ya miaka 50 iliendeshwa na kampuni ya mabasi ya Kenya Bus. Mwaka 1989 ikaundwa Kenya Ferry Services. Mwaka 1990 zikaja feri tatu tulizozizoea sana, MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini. Mwaka 2010 zikaja MV Kwale na MV Likoni, na mwaka 2017 ikaja MV Jambo kutoka Uturuki. Siku hizi kazi hiyo iko chini ya Bandari. Feri hizi tunazijua kama watoto wa jirani: hii ni ya mbio, hii ni ya kujikokota, hii ikipiga honi mtoto mchanga anashtuka usingizini.

Sasa hapa kuna jambo moja tunataka vijana walisikie vizuri. Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Gari ndilo linalolipa. Mama mwenye beseni la mahamri kichwani anavuka bure, sawa na karani mwenye tai. Tulipokuwa tukifundishwa habari za akiba, tulipiga hesabu hii ubaoni. Kama tungetozwa shilingi 10 kwenda na shilingi 10 kurudi, kwa siku 26 za kazi ingekuwa shilingi 520 kwa mwezi. Na mchango wetu katika kikundi ni shilingi 100 kila Jumamosi, yaani shilingi 400 kwa mwezi. Mnaona? Ile nauli tusiyolipa ndiyo akiba yetu. Mwenye kusema kikundi hiki kimejengwa na feri hakukosea.

Lakini ukisifu bahari ueleze na mawimbi yake.

Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka kama mita 40 tu kutoka gatini. Uwezo wake ulikuwa watu 300. Ndani walikuwamo watu wapatao 400, wengi wao wakienda kazini. Walikufa watu 272. Wengine wenu mlikuwa watoto, wengine hamkuwa mmezaliwa. Sisi tulikuwa wasichana walioolewa juzi. Siku hiyo hakuna aliyepika Mtongwe wala Likoni. Tulisimama ufuoni mpaka jua likazama, na siku iliyofuata tukarudi tukasimama tena.

Kati ya sisi 17 tulioanzisha kikundi hiki, watatu walifiwa katika feri ile. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe aliondoka nyumbani kabla ya chai kuiva, akasema atakunywa jioni. Mtoto yule sasa ni kijana wa miaka 31, na ndiye huyu aliyetupangia viti asubuhi ya leo. Mama yake ameturuhusu tuyaseme haya, naye yuko hapa mbele.

Kila tukikaa na kulikumbuka jambo lile, tunajiuliza, wale watu 100 waliozidi walikuwa na kosa gani? Kila mmoja alikuwa na haraka ya haki. Mwingine alikuwa kibarua, akichelewa nafasi yake inachukuliwa. Mwingine alikuwa na mgonjwa. Hakuna aliyepanda kwa ubaya. Lakini chombo hakijui shida ya mtu, kinajua uzito tu. Haya tutayarudia mbele, kwa kuwa na sisi wenyewe yalitufika.

Halafu ikaja Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni na kibanda cha polisi pale kivukoni vilivamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na waliotoka bara wakaambiwa waondoke. Hatutaki kufukua makaburi siku ya sherehe. Tunasema tu kwamba katika kikundi hiki wamo mama waliokimbilia feri na watoto mgongoni, wasijue watarudi lini. Na wamo mama waliobaki, wakawaficha majirani zao uvunguni mwa vitanda. Mdigo yumo, Mkamba yumo, Mluo yumo, Mgiriama na Mtaita wamo. Mwaka wa kwanza wa kikundi manung'uniko ya kabila yalikuwapo, tusidanganyane. Mmoja akikopa, wengine wananong'ona, "Huyu atakimbia nazo kwao." Yaliisha pole pole. Mtu akikuletea uji ukiwa kitandani huulizi tena kwao ni wapi.

Basi kikundi kilianzaje? Ilikuwa mwaka 2015, wakati wa bamvua. Wenye kujua kivuko wanaelewa. Maji ya bamvua yakikupwa sana, feri inakaa chini, ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na vyombo vya mizigo vinapata taabu kupanda. Asubuhi hiyo foleni haikusonga. Mwenzetu mmoja alikuwa na samaki kwenye mkokoteni, na mkokoteni haukuweza kuteremka pale. Jua likapanda. Barafu ikayeyuka. Kufika saa sita samaki walikuwa wa kutupwa, na mtaji wenyewe ulikuwa wa kukopa, wa riba ya kila siku. Yule mama hakulia. Alikaa chini tu kando ya mkokoteni, akawa anakunja na kukunjua ncha ya leso yake.

Kina mama 17 tulikuwa pale tukingoja kama yeye. Mmoja akatoa shilingi 20 akamwekea mapajani. Mwingine akatoa. Tulipomaliza ikawa shilingi 340. Hazikuwalipia samaki wale hata kidogo. Lakini kesho yake alikwenda sokoni na kapu dogo, badala ya kwenda kwa mkopeshaji kuongeza deni. Jumamosi ile tukakutana chini ya mwembe nyumbani kwa mmoja wetu, tukasema, kumbe tunaweza. Tusingoje mpaka mtu aharibikiwe.

Tulianza na mchezo, kila wiki mmoja anapewa. Baadaye tukanunua sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, ili asiweze kulifungua mmoja peke yake hata akiwa mwenyekiti. Tukaweka mfuko wa mazishi na mfuko wa mikopo. Na tukaandika sheria yetu kuu: tusikopeshe zaidi ya theluthi mbili za fedha zilizomo. Theluthi moja ikae. Yule mama wa Mtongwe ndiye aliyeitaka sheria hiyo. Alisema, "Chombo kisijae." Tuliitia saini, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Sasa tuje kwenye mwaka 2020, na hapa kamati inaomba radhi mbele ya watu wote, ijapokuwa kwenye mkutano tuliomba kitambo.

Corona ilipoingia, kivuko kilikuwa mahali pa kwanza kuonja. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakiharakisha kuvuka warudi makwao walirushiwa vitoa machozi na kupigwa pale feri, kabla hata saa moja ya usiku haijafika. Siku zilizofuata biashara ikafa. Mahoteli ya Diani yakafungwa, waliokuwa wakiyauzia mayai na mboga wakakosa pa kupeleka. Wauza mahamri wakakosa wanunuzi, kwa kuwa nani atakula akiwa amefunika mdomo na anasukumwa asogee mita moja? Wanachama wakaja kukopa. Mmoja kodi, mmoja unga, mmoja dawa ya sukari ya mama yake. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli.

Na sisi wa kamati tukaona aibu kusema hapana. Tukapitisha mmoja, tukapitisha wa pili, tukavuka theluthi mbili, tukavuka robo tatu, mpaka sanduku likabaki na shilingi 650. Yule mama alituonya. Tukamwambia, "Dada, huu si wakati wa sheria, huu ni wakati wa huruma." Haukupita mwezi tukafiwa na wanachama wawili, mmoja baada ya mwingine. Mfuko wa mazishi tulikuwa tumeukopesha nao. Tuliwazika wenzetu kwa fedha za kuazima kwa majirani, watu waliokuwa wameweka mchango wao kila Jumamosi kwa miaka mitano bila kukosa. Jambo hilo bado linatuuma.

Ndipo tukaelewa habari ya Mtongwe kwa ngozi zetu. Hatukuibiwa. Hapakuwa na mwovu. Tulizidisha watu tu kwenye chombo, kila mtu na haraka yake ya haki.

Kulirudisha sanduku kulichukua miezi 14. Hatukumnyang'anya mtu godoro wala sufuria kama wafanyavyo wakopeshaji. Tuligawa madeni vipande vidogo vidogo, mwingine akalipa shilingi 50 kwa wiki. Mama mmoja alihama asilipe, na tumemsamehe. Wengine wote walimaliza. Na tangu siku ile kila mkutano unaanza kwa kuhesabu: watu wangapi, fedha ngapi, theluthi iko wapi. Wageni wanatucheka kwamba tunahesabu kama makarani wa bandari. Wacha wacheke. Na mkutano wa mwisho wa mwezi wa nne kila mwaka tunasimama kimya kuwakumbuka wale 272.

Leo tuna wanachama 46. Tuna viti vya plastiki 200, turubai tatu na masufuria makubwa ya kukodisha kwenye harusi na matanga. Hivi mlivyokalia ni vyetu. Wasichana 11 wamesomeshwa ushonaji na upishi kwa mikopo ya mama zao. Tunasema alhamdulillahi.

Sasa neno la mwisho, ambalo ni zito kidogo, na limetugawanya kweli katika mwaka huu.

Njia za kuvuka zinabadilika. Desemba 2020 lilizinduliwa daraja la kuelea la Liwatoni, watu wakavuka kwa miguu yao juu ya maji, jambo ambalo bibi zetu wangelisikia wangesema ni hadithi. Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ikafunguliwa mpaka upande wa kusini, na gari linaweza kwenda Diani bila kugusa feri. Na kuna mipango ya daraja kubwa la kudumu hapa Likoni, ambayo imezungumzwa kwa miaka mingi.

Wenzetu wanaouza pale kivukoni wameanza kuona tofauti. Yule dereva wa lori aliyekuwa akinunua viazi karai vya shilingi 50 akiwa kwenye foleni, sasa anapitia Dongo Kundu. Foleni ndiyo ilikuwa soko letu, tuseme ukweli. Basi baadhi yetu wakataka kikundi kiandike barua ya kulipinga daraja. Wakasema, "Likija, sisi tutamuuzia nani?"

Tulilijadili Jumamosi tatu. Ya kwanza tulikaribia kugombana. Ya pili mama mmoja akasimama akasimulia jinsi binti yake alivyoshikwa na uchungu usiku, gari likiwa kwenye foleni, na mjukuu akazaliwa pale pale kabla zamu yao ya kuvuka haijafika. Mungu alisaidia, wote ni wazima. Mwingine akakumbusha Septemba 2019, gari lilivyoteleza kutoka kwenye feri likazama na mama na mtoto wake wa kike, na jinsi tulivyongoja siku 13 mpaka likatolewa. Tulikuwa pale ukingoni, tunauza na tunalia. Ya tatu, yule mama wa Mtongwe akaomba nafasi. Alisema maneno machache. "Mimi pia nauza pale. Mahamri nitauza hata mbele ya msikiti. Likija daraja, lije."

Tukapiga kura. Barua ya kupinga haikuandikwa.

Badala yake tunayo haya ya kumwambia mgeni wetu wa heshima, na tumeyaandika asiyasahau. Moja, daraja lolote litakalojengwa liwe na njia ya waendao kwa miguu, na lisiwe la kulipia kwa asiye na gari. Shilingi 520 kwa mwezi si kitu kwa tajiri, lakini kwetu ni kikundi kizima. Mbili, itengwe sehemu ya akina mama kuuza, yenye kivuli na maji, pale watakaposhukia watu. Kuvuka kukibadilika, mahali pa kushukia hapakosekani. Tatu, mpaka daraja lije, feri zitunzwe na watu wahesabiwe kabla ya kupanda. Watu wasihesabiwe baada ya maafa.

Na kwenu wanachama: tusingoje daraja litukute kivukoni na beseni mkononi. Wenye kuuza kwenye foleni waje kamati mwezi ujao, theluthi mbili ipo, tuwakopeshe waanzishe kitu kingine mitaani. Watakaokuja wengi kupita kiasi, tutawaambia wangoje zamu ya pili. Mtatuona wabaya. Tumekubali kuonekana wabaya. Feri ya pili huwa inakuja.

Tunawashukuru waume zetu walioturuhusu kukutana, na wale ambao hawakuturuhusu wakaja wakaomba mkopo. Tunawashukuru viongozi wa dini, mzee wa mtaa, na vijana waliosimamisha turubai. Chakula kipo cha kutosha, pilau na biriani, na wasiokula nyama wametengewa. Mtu asiondoke kabla ya kula.

Abiria, chunga mzigo wako.